Ghala na usafirishaji usiochafua hewa: anza na mwendo wa bure, paneli zisubiri

Ukitaka kujua kama ghala linapoteza fedha na kuchafua hewa, usiangalie kwanza kama paa lina paneli za sola. Simama saa moja karibu na mlango wa kupakulia, utazame foklifti (gari dogo la kuinua na kuhamisha mizigo). Hesabu ni safari ngapi inakwenda na mzigo na ngapi inarudi bila kitu. Kisha geukia uani uone ni malori mangapi yamesimama huku injini zinaunguruma. Mwendo usio na kazi hulipiwa mara mbili: kwenye bili, halafu kwenye moshi.

Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa makusudi. Kwanza unaondoa kazi isiyo ya lazima, kisha unapunguza nishati ya kazi iliyobaki, na mwisho kabisa ndipo unanunua vifaa vipya. Wengi huenda kinyume, na sababu yake inaeleweka: kununua ni rahisi kuliko kupanga, na paneli hupendeza kwenye picha kuliko rafu zilizopangwa upya.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Tengeneza daftari au lahajedwali yenye safu chache tu: tarehe, gari, lita za mafuta zilizowekwa, kilomita, na uzito wa mzigo uliobebwa. Kwa upande wa ghala, soma mita ya umeme mara mbili kwa siku, jioni watu wanapofunga na asubuhi kabla hawajawasha kitu. Usomaji wa usiku ndio unaofichua mengi. Ikiwa hakuna mtu kazini na mita imekimbia, kuna kitu kinakula umeme gizani: kompresa (mashine ya kushindilia upepo) iliyosahauliwa, feni za ofisini, chaja zilizoachwa kwenye betri ambazo zimeshajaa. Ghala lenye vyumba baridi lina sababu ya kutumia umeme usiku. Ghala la saruji na mabati halina.

Kugeuza lita kuwa hewa ukaa si kazi ngumu. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na ya petroli takriban kilo 2.3. Watu hushangaa lita isiyofika uzito wa kilo moja itoeje kilo 2.7. Kaboni iliyomo kwenye mafuta hushikana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na oksijeni hiyo ndiyo inayoleta sehemu kubwa ya uzito.

Usiridhike na jumla ya mwezi. Jumla hupanda biashara ikikua na hushuka biashara ikidorora, kwa hiyo haikuambii kama kazi inafanyika vizuri zaidi. Gawanya: lita kwa kila tani-kilomita (yaani tani moja iliyosafirishwa kilomita moja), na kilowati-saa kwa kila paleti (jukwaa bapa la kupangia mizigo) au kila oda iliyotoka. Siku mteja mkubwa atakapokuuliza mzigo wake umetoa hewa ukaa kiasi gani, kiwango cha kimataifa cha ISO 14083, kilichotolewa mwaka 2023, kinaeleza namna ya kukokotoa. Kinajengwa juu ya takwimu hizihizi za mafuta, umbali na uzito. Rekodi za mwezi mmoja zinatosha kuanzia, mradi usiwe mwezi wa sikukuu au wa msimu usio wa kawaida.

Hatua ya 2: Fupisha mwendo ndani ya ghala

Penye kukusanya oda kwa mkono, karibu nusu ya muda wa mkusanyaji huishia kwenye kutembea tu. Hapa ndipo pa kuchimba, na gharama yake ni siku chache za kuhamisha vitu.

Toa orodha ya bidhaa zote pamoja na idadi ya mara ambazo kila moja ilifuatwa rafuni kwa miezi mitatu iliyopita. Angalia vizuri: ni mara za kufuatwa, si vipande vilivyouzwa wala thamani yake. Oda moja ya katoni 500 ni safari ya foklifti kwenye sehemu moja. Oda 300 za kipande kimoja kimoja ni safari 300. Panga orodha kuanzia inayofuatwa zaidi, utaona kundi dogo la bidhaa limebeba safari nyingi. Hilo liite A. Linalofuata ni B, na zile zinazofuatwa kwa nadra ni C.

Sasa chukua mfano wa bidhaa moja ya kundi A. Iko mita 60 kutoka meza ya kufungashia na inafuatwa mara 80 kwa siku. Ukiisogeza hadi mita 15, kila safari inapungua mita 45 kwenda na 45 kurudi. Zidisha mara 80: mita 7,200. Bidhaa moja tu imeondoa kilomita saba za kutembea kila siku, na hakuna kilichonunuliwa.

Bidhaa za A ziwekwe kwenye kimo cha kati ya kiuno na bega, nzito zikae chini kidogo, na C zipande juu au zirudi nyuma kabisa. Lakini usizirundike zote za A kwenye njia moja. Ukifanya hivyo, saa za pilikapilika wakusanyaji watasukumana humo na foklifti itasubiri nje, na muda uliouokoa utapotea kwenye foleni. Zigawe katika njia mbili au tatu za mbele. Zile zinazoagizwa pamoja mara kwa mara, zikae jirani. Rudia zoezi kila msimu unapobadilika, maana bidhaa iliyokuwa A wakati wa mvua inaweza kuwa C wakati wa jua.

Kabla ya kuhamisha rafu hata moja, waulize wanaokusanya oda. Mtu anayezunguka humo kutwa anajua kona ambayo foklifti mbili haziwezi kupishana, na anajua bidhaa ipi ina lebo zinazofanana na jirani yake hadi watu wanachukua isiyo yenyewe. Kosa la namna hiyo huzaa safari tatu: ya kupeleka, ya kurudisha na ya kupeleka upya.

Foklifti nazo zioanishiwe kazi. Dereva anayekwenda kuingiza paleti aambiwe, kabla hajaondoka mlangoni, ni paleti ipi atatoka nayo. Mifumo ya kompyuta ya ghala hufanya hivi yenyewe, ila hata ubao wenye kadi mbili, moja ya kuingiza na moja ya kutoa, unafanya kazi.

Kisha kuna mali iliyolala. Chochote ambacho hakijaguswa kwa miezi sita kinachukua nafasi ambayo kila mtu anaizunguka, na kama kimo chumba baridi, unalipia umeme wa kukipoza kila saa. Kiuze kwa punguzo, kirudishe kwa msambazaji au kitolewe kama msaada kingali na maana. Kwa vitu vyenye tarehe ya mwisho, kinachokaribia kuisha muda ndicho kitangulie kutoka, hata kama kiliingia jana. Bidhaa inayotupwa inatupwa pamoja na mafuta yote yaliyoileta.

Hatua ya 3: Safisha foleni ya uani

Mwaka 1961 mtafiti John Little alithibitisha kanuni ambayo kila msimamizi wa ua anaweza kuitumia bila kalamu: idadi ya magari yaliyomo ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Malori 6 yakiingia kila saa, na kila moja likakaa saa 2, ua wako una malori 12 wakati wote. Punguza muda wa kukaa hadi saa moja na dakika 20, yanabaki 8, ingawa kazi ni ileile. Kabla hujaomba fedha za kupanua ua, jaribu kwanza kufupisha muda.

Lori kubwa lililosimama huku injini inawaka huchoma takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Njia za kulimaliza hili zinajulikana: wape madereva miadi ya saa, nyaraka zitangulie kabla ya lori kufika getini, na mzigo wa kutoka uwe umeshapangwa karibu na mlango lori linapoegeshwa. Mkizoea kuanza kutafuta paleti dereva akiwa ameshafungua milango, hakuna ratiba itakayowasaidia.

Jambo moja husahaulika. Tangazo la “zima injini” halina nguvu kama dereva hana pengine pa kukaa. Mpe chumba chenye kivuli, maji, choo na pa kuchajia simu, na atazima bila kusukumwa.

Hatua ya 4: Acha kusafirisha hewa

Fungua katoni tatu zilizo tayari kutoka, uone ndani mna nini. Mara nyingi ni bidhaa ndogo iliyozungukwa na karatasi au mapovu ya plastiki. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 ina ujazo wa sentimita za ujazo 36,000. Bidhaa hiyohiyo ikitosha kwenye katoni ya 30 kwa 25 kwa 20, ujazo ni 15,000. Ile ya kwanza ilibeba zaidi ya nusu hewa. Kwa usafiri wa ndege adhabu inaonekana wazi, kwa sababu mizigo mepesi hutozwa kwa ujazo, na kipimo cha kawaida ni sentimita za ujazo 6,000 kwa kilo moja: katoni kubwa inalipiwa kilo 6, ndogo kilo 2.5, hata kama kilichomo kina kilo 2. Barabarani hakuna anayekuonyesha hesabu hiyo, ila gari linajaa kabla halijafikia uzito wake, na unatuma gari la pili.

Ukubwa wa katoni upangwe kwa kuangalia paleti. Paleti ya Ulaya ni milimita 1,200 kwa 800, kwa hiyo katoni za 400 kwa 300 hukaa nane kwa tabaka bila pengo. Ongeza sentimita 2 tu kila upande na nane hazitoshi tena. Ama zining'inie nje na kupondeka kona, au tabaka libaki na pengo. Anayebuni kifungashio na anayepakia lori wanapaswa kukaa meza moja angalau siku hiyo.

Nailoni ya kuzungushia paleti nayo ina siri yake. Mashine inayoivuta kabla ya kuizungusha huweza kuirefusha mara tatu au zaidi, wakati mkono wa mtu huivuta kidogo tu. Ukiwa unafunga paleti nyingi kila siku, mashine hiyo ni miongoni mwa ununuzi mchache ninaoweza kuutetea mapema. Kwa mizigo inayokwenda na kurudi kati ya ghala na maduka yako mwenyewe, tumia kreti za kudumu zinazokunjika au kuingiliana zikiwa tupu.

Hatua ya 5: Barabarani

Katika Umoja wa Ulaya, karibu kilomita moja kati ya kila tano za malori hutembewa bila mzigo, na huko ni mahali penye mifumo mizuri ya kutafutiana mizigo. Kilomita tupu huchoma mafuta bila kuhamisha hata gunia moja. Dawa yake ni mzigo wa kurudi. Wapigie wasambazaji wako ambao wako karibu na njia ambayo lori lako hurudi, uwaulize ni nani anayeleta bidhaa zao ghalani kwako. Huenda lori lako linapishana na lao kila wiki, kila moja likiwa tupu upande mmoja.

Ratiba za wateja zitazame upya. Mteja anayeletewa kidogo kila siku kwa mazoea anaweza kukubali mara mbili kwa wiki akipewa saa ya uhakika. Mazungumzo haya ni ya idara ya mauzo, nao huyaogopa, lakini bila wao mpangaji wa njia anabaki kupanga njia nzuri za safari ambazo hazikuhitajika.

Baada ya hapo ndipo upange njia zenyewe. UPS, kampuni ya Marekani ya kusambaza vifurushi, ilijenga mfumo wake wa kupanga njia uitwao ORION, na kampuni hiyo imesema mfumo huo unaokoa karibu maili milioni 100 kwa mwaka, sawa na kilomita milioni 160. Sehemu ya mbinu zao inajulikana hata mitaani: kuepuka kukata kona inayovuka magari yanayokuja. Marekani, wanakoendesha upande wa kulia, hiyo ni kona ya kushoto. Kwenye nchi zinazoendesha upande wa kushoto, ni ya kulia. Huhitaji mfumo mkubwa kama wao. Kwa magari machache, ramani, orodha ya vituo na dereva mzoefu hufika mbali. Mchepuko wa kilomita 40 kwa siku kwa lori linalokula lita 30 kwa kilomita 100 ni lita 12 kila siku. Kwa siku 300 za kazi ni lita 3,600, karibu tani 9.7 za hewa ukaa.

Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla gari halijatoka, maana tairi likishapata moto kipimo hupanda na kukudanganya. Tumia geji. Tairi pacha za nyuma haziamuliwi kwa kupigwa teke. Tairi lenye upepo pungufu huongeza ulaji wa mafuta na huchakaa kingo. Mwendo nao una gharama isiyoonekana kwa macho: ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa huupandisha kwa zaidi ya nusu.

Dereva mpe takwimu zake mwenyewe, umwonyeshe wiki hii na wiki iliyopita kwenye njia ileile. Usibandike ukutani orodha ya nani wa mwisho. Anayebeba saruji milimani hawezi kulinganishwa na anayebeba biskuti tambarare, na akionewa mara moja hatakusikiliza tena.

Kuhusu mizigo ya dharura kwa ndege: tani moja kwa ndege hutoa hewa ukaa makumi ya mara zaidi ya tani ileile kwa meli ya makontena. Kila ikitokea, andika sababu. Utagundua nyingi zinaanzia kwenye oda iliyochelewa kusainiwa ofisini, na hapo lawama haiko kwenye usafirishaji hata kidogo.

Hatua ya 6: Umeme wa kila siku

Taa ni rahisi. Taa ya zamani ya wati 400, ukijumlisha kifaa chake cha kuiwashia, hula takriban wati 450. Ya LED ya wati 150 hivi mara nyingi huishika nafasi yake. Taa 40 zikibadilishwa, kwa saa 12 kwa siku, unaokoa kilowati-saa 144 kila siku. Weka vihisi mwendo kwenye njia za bidhaa za C, ambako mtu hupita mara chache. Na kabla ya yote, osha vioo vya paa. Vumbi la miaka mingi huvifanya viwe kama bati tu.

Kama una kompresa ya upepo, ipime hivi: siku ambayo hakuna anayefanya kazi, zima zana zote zinazotumia upepo, uiache kompresa iwake. Ikiendelea kujiwasha na kujizima, upepo unavuja mahali. Pita na maji ya sabuni kwenye maungio ya mabomba na ufuate mapovu. Uvujaji unaofikia asilimia 20 hadi 30 ya upepo wote si jambo la ajabu kwenye mfumo ambao haujakaguliwa.

Betri za foklifti za asidi zijazwe maji maalumu ya betri (yaliyotoneshwa) baada ya kuchajiwa, si kabla, kwa sababu kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na kitafurika. Zisitumiwe hadi kuisha kabisa. Kushuka chini ya asilimia 20 hufupisha maisha yake. Chumba cha kuchajia kiwe na upepo wa kutosha, maana betri hutoa gesi ya hidrojeni, ambayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka kwa cheche.

Hatua ya 7: Chumba baridi

Mlango kwanza. Pazia za vipande vya plastiki, mlango unaojifunga haraka, na mpira wa kingo usiopasuka. Weka noti ya karatasi kwenye ukingo, funga mlango, vuta. Ikitoka kirahisi, baridi nayo inatoka kirahisi. Barafu kwenye mapezi ya kipozeo iondolewe kwa ratiba, na usipunguze joto chini ya kile bidhaa inachohitaji. Kila nyuzi moja ya baridi ya ziada huongeza matumizi ya umeme kwa asilimia kadhaa.

Gesi ya kupozea ndiyo yenye madhara ambayo watu hawayaoni. R-404A, iliyoenea sana kwenye vyumba baridi vya zamani, ina nguvu ya kupasha dunia joto takriban mara 3,900 ya hewa ukaa. Kilo moja ikivuja ni kama umechoma karibu lita 1,450 za dizeli. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache “kuongeza gesi” bila kutafuta tundu anakuuzia uchafuzi huo kwa awamu. Mdai aandike kilo alizoongeza na mahali alipoziba. Ukinunua mtambo mpya, ulizia wa amonia, hewa ukaa au propani, kila moja ikiwa na masharti yake ya usalama. Gesi za zamani zinapunguzwa duniani chini ya Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 kwenye Itifaki ya Montreal (mkataba wa kulinda tabaka la ozoni), na bei na upatikanaji wake vitakubana.

Hatua ya 8: Sasa nunua

Magari ya umeme yaanze kwenye njia fupi, zinazojulikana, ambazo gari hurudi ghalani kila jioni. Usianze na njia ndefu zaidi ili kupima uwezo wake. Utapima subira ya wateja badala yake.

Paneli za sola: mwite kwanza mhandisi akague paa kama linabeba uzito na limebakiza miaka mingapi. Paa la kubadilishwa baada ya miaka mitano lisifungwe paneli za miaka 25. Hamishia uchajiaji wa foklifti kwenye saa za jua, kwa kuzichaji kwa zamu wakati wa mapumziko ya mchana, la sivyo umeme wako utazalishwa wakati betri zimejaa. Na ukubwa wa mfumo ukokotolewe kwa bili ya miezi ya hivi karibuni, baada ya taa, kompresa na milango kurekebishwa. Muuzaji akitumia bili ya mwaka jana atakupimia paneli za kulisha uvujaji ambao umeshauziba.